Kozi ya Kusikiliza ya Mama Sifuri

Hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Ukinyanyua simu ya wodini na kubonyeza sifuri, uliyempata ni yeye, na ndiyo maana madaktari, wauguzi, wafagizi na hata walinzi wa getini walimwita Mama Sifuri. Mwenyewe hakuona ubaya. Alisema sifuri ni namba ya heshima, maana moja peke yake ni moja tu, lakini ukiiwekea sifuri ubavuni inakuwa kumi. Alikaa katika chumba kidogo chini ya ngazi, kwenye kiti ambacho sponji yake ilikwisha zamani, hedifoni kichwani, na mbele yake swichibodi yenye vitaa vyekundu. Kitaa kikiwaka anauliza, "Nikuunganishe na nani?" Akishajibiwa anaunganisha, kisha anaondoka.

Kuondoka ndiko kulikokuwa ufundi wenyewe. Opareta wa zamani aliyemfundisha kazi alimwambia siku ya kwanza: hakikisha wawili wanasikiana, halafu toka kwenye laini. Usikae. Maneno ya watu si yako, na kuna mwingine anasubiri. Basi Mama Sifuri alikuwa akisikia "halo" ya huku na "halo" ya kule, na vidole vyake vinajitoa vyenyewe. Habari za kuzaliwa na za kufa zilipita mikononi mwake miaka nenda miaka rudi, naye hakuwahi kujua hata moja iliishia wapi.

Sasa, waliosema mazoea yana taabu hawakukosea. Mambo ya chini ya ngazi aliyabeba mpaka nyumbani. Mgeni akibisha mlangoni, anasalimiwa vizuri, anaulizwa habari za watoto, na kabla hajakaa sawasawa anajikuta anaagwa. Mumewe, aliyekuwa fundi wa pampu za maji na mtu wa maneno mengi, alikuwa akimtania. "Mke wangu, hata sala zako ni hivyo hivyo. Unahakikisha Mungu yupo, basi, unakata."

Mume huyo alikuwa amefariki. Na mtoto wao wa mwisho, binti waliyemwita Kitinda tangu akiwa mgongoni, alikuwa ng'ambo. Alikwenda kusomea kutengeneza meno ya bandia, akapata kazi, akabaki huko. Baba yake alipofariki hakuja. Hakuna aliyegombana naye kwa hilo. Laiti wangegombana, maana ugomvi una mwisho wake. Wao walibaki na simu za namna hii:

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Kazi?"

"Nzuri, mama."

"Haya, nashukuru nimekusikia. Kaa salama."

Na simu inakatwa. Mama Sifuri anaiweka mezani, anaitazama kidogo, anajiambia mtoto ana shughuli zake, asisumbuliwe. Alichojiambia Kitinda huko aliko, hakuna aliyemuuliza.

Siku moja, katika simu mojawapo ya hizo, Kitinda alisema harakaharaka, kama mtu anayepitisha kitu mlangoni kabla haujafungwa, kwamba chuo kikuu cha mji wake kina masomo mafupi wakati wa kiangazi, watu wanatoka nchi mbalimbali, na hata wazee wamo. "Vizuri sana, mwanangu. Haya, kaa salama," akasema mama. Lakini neno lile halikumtoka. Alikuwa ameshastaafu, swichibodi imeng'olewa na mahali pake pamewekwa mashine inayojibu yenyewe, na asubuhi zake zilikuwa ndefu. Kumwambia binti yake "nakuja kukuona" asingeweza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na yeye hakutaka kumsumbua mtoto na mambo ya kumpa mama mzazi jembe. Lakini mwanafunzi si mgeni wa mtu. Mwanafunzi ana kwake. Mwanawe mkubwa alimwandikisha kwa simu ya mkononi, akimsomea orodha ya kozi moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye iliyoitwa Kusikiliza Mahali.

"Hiyo hiyo," akasema Mama Sifuri. "Kusikiliza nimefanya maisha yangu yote. Siwezi kufeli."

Kitinda alikuja kumpokea uwanja wa ndege. Alikuwa amekonda, amekata nywele, na mikono yake ilikuwa na vumbi jeupe kwenye mikunjo ya vidole. Walikumbatiana kwa adabu, kila mmoja akimwonea mwenzake haya kidogo. Ndani ya gari binti akasema, macho barabarani, "Nimekutandikia chumba, mama. Ni kidogo lakini kina dirisha."

"Usijisumbue, mwanangu," mama akajibu upesi. "Nina bweni langu. Wamenipa mpaka ufunguo."

Alidhani anampunguzia mtoto mzigo. Kitinda akabadili gia. Alimfikisha bwenini, akampandishia sanduku, akamwonyesha swichi ya taa, akaondoka. Na mimi ninayewasimulia natamani ningekuwepo siku ile nimfinye yule mama paja.

Zikaanza siku ambazo hata sasa hana hakika kama zote aliziishi au nyingine aliziota. Kiangazi cha kule hakina haraka. Jua linashuka, linashuka, halafu ni kama limesahau lilikuwa linaenda wapi, linabaki juu ya mapaa likiwa na rangi ya chai ya maziwa. Chumba chake bwenini kilikuwa na kitanda chembamba, sinki la kunawia, meza yenye majina ya watu yaliyochorwa kwa kalamu, na dirisha lililotazama ua wa kuegeshea baiskeli. Shingoni alivaa kitambulisho chenye picha yake na neno MWANAFUNZI. Alikigusa mara kwa mara, kama mtu anayehakikisha hajadondosha kitu. Chumba cha pili alikaa msichana aliyesomea kuchora ramani za majumba, ambaye usiku wa kwanza tu alimgongea na kumwuliza, "Mama, una sukari?" Kuanzia hapo akawa anamwita mama kila alipotaka sukari.

Mwalimu wa kozi alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa kifaa cha kusaidia kusikia kwenye sikio la kushoto. Mama Sifuri alipokiona alidhani wamekosea darasa. Mwalimu aliwagawia kila mmoja kinasa sauti, kidogo kama kipande cha sabuni, akawaambia kazi ni moja tu: nenda mahali, kaa, bonyeza, sikiliza. Kisha uje tusikilize wote.

Akaenda. Alitembea mji ule akiwa mwepesi, miguu yake ikimchukua yenyewe. Alipita kwenye chumba cha kufulia cha bweni, mashine zinazunguka na soksi ya mtu inapiga kioo, tap, tap. Alipita chini ya daraja walikolala njiwa, akaingia kwenye lifti ya maktaba iliyoguna kila ghorofa kama mzee anayenyanyuka kitini, akafika penye bomba la bustani lililovuja juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila mahali alibonyeza, akasikiliza, akatabasamu, akabonyeza tena, akaenda zake. Wakati mwingine alikaa kwenye benchi akasinzia macho wazi, na sauti za zamani zikamjia zimechanganyika na za pale: nipe maabara, nipe chumba cha upasuaji, mwambie nimefika, mwambie asilie. Akizinduka jua bado lipo. Alikuwa na raha ambayo hakuijua tangu ujana. Na chini ya raha hiyo kulikuwa na donge, maana nyumba ya Kitinda ilikuwa ng'ambo tu ya mto, na katika juma zima walikuwa wameonana mara moja, wakanywa kahawa wamesimama.

Ikaja siku ya kusikilizishana. Wanafunzi walizima taa, wakafunga mapazia, wengine wakalala sakafuni. Mwuza nyama mstaafu alileta sauti ya bucha lake lililofungwa, na ungesikia friji ikipumua mpaka ukasahau kama uko darasani. Mwingine alileta mvua juu ya hema. Zilikuwa sauti ndefu, na ndani yake mambo yalikuja polepole, kama paka anayezoea mgeni.

Zamu ya Mama Sifuri ikafika. Mashine ya kufulia: vuuu, tap, tap, mlango unafunguka, mwanamke anaanza kucheka, kwisha. Daraja: njiwa mmoja, kwisha. Lifti iliguna mara moja tu. Bomba halikupata hata nafasi ya kujaza kitako cha ndoo. Zote zikaisha kabla mtu hajajinyoosha vizuri, na darasa likaangua kicheko, si cha ubaya.

"Mbona umekata?" mwalimu akauliza.

"Nilishahakikisha inasikika."

Wakacheka tena, na yeye akacheka nao. Mwalimu tu ndiye hakucheka. Alimgeuzia sikio lake zima. "Yule mwanamke aliyeanza kucheka kule kwenye kufulia. Alikuwa anacheka nini?"

"Sijui, mwalimu."

"Hukutaka kujua?"

"Hayakuwa maneno yangu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa taratibu, wala hakubishana naye. Aliwageukia wote akawapa kazi ya mwisho: kila mtu achague mtu mmoja, akae naye alipo, abonyeze mara moja, asiguse tena.

Mama Sifuri hakurudi bwenini moja kwa moja. Alikaa kwenye ngazi za jengo la masomo, na zile simu za nyumbani zikaanza kumrudia, moja baada ya nyingine, kama vile naye amezirekodi na sasa anasikilizishwa. Hujambo, sijambo, kazi, nzuri, haya kaa salama. Zote zilikuwa fupi kama bomba na njiwa. Na aliyekata kila mara alikuwa yeye. Kitinda hakuwahi kukata hata moja. Alijaribu kukumbuka moja tu, akakosa.

Aliona aibu, kisha akaogopa. Siku za kozi zilikuwa zinaishia. Akipanda ndege na hali ile, watarudi kwenye simu, na kwenye simu alijua hataweza. Vidole vyake vitajitoa. Binti yake atakuwa mtu wa kumsalimia mpaka mmoja wao amzike mwenzake, au asimzike, kama ilivyotokea kwa baba. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini huyu mzazi uchungu wake alikuwa ameushusha kila siku kwa kubonyeza kitufe. Akapiga moyo konde, akapiga simu.

"Nina kazi ya shule," akasema. "Natakiwa nimrekodi mtu. Nataka nikurekodi wewe ukiwa kazini."

"Mama, mimi kazini sisemi na mtu. Nasema na meno."

"Basi hayo hayo meno."

Safari hii alisubiri. Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, na mtu akiweka kitu cha chuma mezani. Kidole gumba chake kilikwenda kwenye kitufe chekundu, akakihamishia mgongoni mwa simu.

"Njoo Jumamosi," Kitinda akasema. "Wenzangu hawapo. Lakini utachoka, nakwambia."

Karakana ilikuwa nyuma ya zahanati ya meno, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Kwenye rafu zilipangwa taya za plasta, za juu na za chini, kila jozi na kibandiko chake, zimeachama kama kwaya inayosubiri kuanzishiwa. Palinuka nta na spiriti. Kitinda alivaa aproni na miwani ya kukuza, akamsogezea mama yake stuli karibu na sinki, akarudi kwenye meza yake na kumpa mgongo. Mama Sifuri akaweka kinasa sauti kwenye ukingo wa dirisha, akabonyeza, akakunja mikono mapajani.

Mwanzo ulikuwa mateso. Tupa ndogo ilikwangua, ikanyamaza, ikakwangua. Kisu kilipita kwenye moto wa taa, kikazama kwenye nta kwa sauti kama ya mtu anayesema "sss" kumtuliza mtoto. Baada ya hapo mwili wote wa Mama Sifuri ulijua kwamba imetosha, imesikika, sasa aseme haya mwanangu, nakuacha ufanye kazi. Maneno yalimjaa mdomoni. Aliyameza. Yakaja tena, akayameza tena, na miguu ikamwasha kama imekaliwa na siafu.

Halafu, bila yeye kujua ni saa ngapi, hamu ya kuondoka ikamwachia. Jua lilikuwa limeingia na vumbi jeupe linaelea ndani yake, haliendi popote. Akawa hayuko macho wala hajalala. Alisikia tupa, akasikia friji ya zahanati ukutani, baiskeli nje, akasikia binti yake akivuta hewa kwa meno kabla ya kila hatua ngumu, vile vile alivyokuwa akifanya utotoni akikokotoa hesabu mezani na ulimi umetoka pembeni. Alikuwa amesahau. Miaka yote ile ya simu, kumbe jambo hilo lilikuwepo, lilikuwa linakuja baada tu ya "kaa salama", na yeye alikuwa ameshaondoka. Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke.

"Hicho kidude bado kinasikia?" Kitinda akauliza bila kugeuka.

"Kinasikia."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Tupa ikakwangua tena kidogo, ikakoma.

"Siku baba alipofariki nilikupigia," Kitinda akasema. "Kaka alikuwa ameshanipa habari. Nilikuwa nimefungua sanduku, nguo ziko kitandani. Nilitaka uniambie njoo. Neno hilo tu. Ukasema, 'Nimekusikia mwanangu, ndiyo hivyo, kaa salama.' Ukakata. Nikakaa pale na nguo zangu. Nikasema, mama hanitaki msibani kwake."

"Mwanangu."

"Ngoja nimalize, mama, nikinyamaza sitaanza tena. Kila nikikupigia unanikatia. Nikasema basi, amekasirika kwa sababu nilibaki huku, na ana haki yake. Umekuja mpaka mji wangu, ukaenda kulala kwa watu. Mimi nilinunua godoro jipya."

Mama Sifuri alifungua mdomo, na kilichotoka kikawa kile kile alichokuwa akijiambia. "Sikutaka kushikilia laini. Nilijua kuna watu wanasubiri."

Kitinda akageuka. Miwani ya kukuza ilimfanya macho yawe makubwa kama ya mtoto. "Mama, ile ni simu yako ya mkononi. Nani alikuwa anasubiri?"

Hakuwepo. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anasubiri. Mama Sifuri alilitafuta jibu lingine, akaona halipo, akasema ukweli wenyewe jinsi ulivyo.

"Niliogopa. Ningekaa dakika moja zaidi ningelia, na wewe uko mbali, ungenisikia nalia na huna la kufanya. Sikukukasirikia hata siku moja. Nilikutaka uje mpaka nikashindwa kusema."

Kitinda alivua miwani, akaiweka kati ya taya mbili. Alivua na aproni, akaikunja, akaikunja tena, kisha akaja kukaa sakafuni, mgongo wake ukiegemea sinki, bega lake likigusa goti la mama yake. Hawakutazamana. Ilikuwa rahisi zaidi hivyo.

"Nisimulie basi," akasema. "Kaka aliniambia moyo, asubuhi, basi. Sijui kingine. Sikuwahi kuuliza kwa sababu hukuwahi kukaa."

Mama Sifuri alishusha pumzi. Aliweka mkono juu ya nywele fupi za binti yake, zenye vumbi la plasta.

"Aliamka mzima," akaanza. "Kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri. Akaomba chai, akailalamikia sukari kama kawaida yake. Akakaa pale mlangoni, kwenye kile kiti cha kamba, akaniuliza, 'Kwa Kitinda saa hizi ni saa ngapi?' Nikamwambia kule ni usiku wa manane. Akasema, 'Mpigie, nimemwota, nataka nimsikie.' Nikamwambia mwache mtoto alale, ana kazi kesho, tutampigia jioni. Akasema sawa, jioni. Akaendelea na chai yake. Nilirudi ndani kuchukua kitambaa cha meza. Niliporudi..."

Hapo alinyamaza, na safari hii hakuna aliyekata.

"Ningeamka," Kitinda akasema.

"Najua, mwanangu."

"Ningeamka, mama. Saa yoyote ile, ningeamka."